Kondoo Nyuma ya Ukuta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bryony Tallentire alivaa mabuti yake ya mpira, akabeba fungu la nyasi kavu, na kupanda kilimani na mama yake kuwalisha kondoo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika bonde lao la kaskazini mwa Uingereza hapakuwa na mtoto aliyejiamini kumshinda. Ukimwuliza jambo la kondoo, alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kuuliza yeye mwenyewe ndiko kulikomwia vigumu.

Shuleni, Mwalimu Capstick alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi kitenzi kimoja kila wiki. Wiki hiyo aliwapa "kukinga". Hakutaka maana iliyonakiliwa kwenye kamusi. Alitaka kila mmoja aandike sentensi ya kweli, ya jambo alilolitenda kwa mikono yake.

"Mtu hasemi amekinga tu akanyamaza," aliwaambia. "Atuambie amekinga nini, na amekikinga na nini. Asiyejua hilo la pili bado hajakinga kitu."

Dougie Raine, aliyeketi dawati moja na Bryony, alikwishaandika yake: alimwekea paka wao sanduku barazani asilowe na mvua. Akamnong'oneza Bryony, "Na wewe msemaji wetu utaandika nini? Kwamba unatukinga na ukimya?"

Bryony alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Aliapa moyoni kwamba atapata sentensi ya kumfunga Dougie mdomo.

Alasiri ile upepo wa mashariki ulianza kuvuma na mbingu ikawa na rangi ya majivu. Mama alikuwa amekwenda kumsaidia jirani kulikwamua trekta lake. Alikuwa amemwagiza Bryony awaangalie kondoo, lakini awaache pale pale juu ya kilima, palipo wazi. Bryony alipofika aliwakuta wamejikunyata, wameupa upepo mgongo, na manyoya yao yanapeperuka. Wote walikuwa na mimba. Aliwahurumia mno. Chini kidogo palikuwa na ukuta mrefu wa mawe, na nyuma yake palikuwa shwari, hata jani halitikisiki. Bryony akaona mama amekosea. Akampigia mluzi mbwa wao, Moss, na haukupita muda kondoo wote walikuwa wamejibanza nyuma ya ukuta.

Alirudi nyumbani na sentensi yake kichwani, tena nzuri kuliko ya paka. Hakumwambia mama neno. Alitaka amshangaze baadaye.

Usiku theluji ilianguka, na kulipokucha shule ilitangazwa kufungwa. Mama alipanda kilimani, akarudi mbio, uso umempauka. Kondoo hawapo. Alidhani upepo umewasukuma upande wa pili wa kilima wakatumbukia korongoni. Akampigia simu baba yake Dougie aje na mwanawe, na koleo na fito ndefu za kudungia theluji, waanze kutafuta huko.

Bryony alikuwa mezani na bakuli lake la uji wa shayiri. Alitazama nje dirishani, akautafuta ule ukuta, asiuone. Palikuwa na mteremko mweupe tu. Kama angenyamaza, lawama zote zingeuendea upepo, na hakuna ambaye angejua. Lakini watu wangekuwa wanahangaika korongoni na huku kondoo wanakata pumzi chini ya theluji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingewaangukia wanyama wasio na hatia.

"Mama, hawako korongoni," alisema. "Niliwahamisha mimi jana. Wako nyuma ya ukuta."

Mama alimkazia macho. "Wote?"

"Wote."

"Chukua koleo. Mengine tutaongea baadaye."

Theluji ilikuwa imejaa hadi juu ya mawe. Moss alikwenda akinusa, akasimama, akaanza kufukua. Mama alionyesha tundu dogo lililoyeyuka kwa pumzi ya kondoo. Dougie na baba yake walipofika, wakachimba pamoja, na walipokaribia mgongo wa mnyama waliacha koleo wakatumia mikono. Kondoo wa kwanza alitoka, akajikung'uta, kisha akaanza kutafuna skafu ya Dougie.

"Bryony, sasa nikinge mimi," Dougie alisema akihema. "Mnyama wako ananila."

Walicheka, wakaendelea kuchimba. Hadi adhuhuri kondoo wote walikuwa wametoka, wazima. Mmoja tu alikuwa hoi, naye alibebwa hadi jikoni akalazwa karibu na jiko.

Hapo ndipo mama alipoketi na kumweleza. Upepo hubeba theluji ukairusha juu ya ukuta, na pale upepo unapokoma ndipo theluji inapoanguka na kurundikana. Kilimani upepo huuma, ndiyo, lakini hufagia theluji yote. Kondoo ana sufu ya kumkinga na upepo. Hana cha kumkinga na kufukiwa.

Bryony alilia waziwazi. Alisema sentensi yake ni ya uongo na ataichana.

"Ichane," mama alisema, akimsugua kondoo kwa gunia. "Huruma yako haikuwa kosa, mwanangu. Kosa ni kukaidi nilichokuagiza bila kuniuliza sababu, kisha ukanificha. Uliwakinga na upepo ukawakabidhi kwa theluji. Lakini asubuhi hii ungeweza kunyamaza ukajikinga mwenyewe, nami nisingejua kamwe. Ukasema, wakapona. Kaandike hilo."