Stroganofu ya Galina

"Gladness, maziwa yamekatika."

"Yamekatikaje?"

"Nimemimina maziwa mgando wakati sufuria inatokota. Sasa ni mabonge huku, maji huku, nyama katikati."

"Si ungeipua kwanza ipoe kidogo? Wewe nawe, haraka ya nini?"

Haraka ya nini. Sabina alitamani kumjibu shoga yake. Jumamosi wazee wa Luhaga walikuwa waende Misungwi kupeleka posa kwa baba yake. Na huyo Luhaga, tangu atoke kusoma Urusi, akiwekewa nyama tu lazima amtaje Galina. Galina alikuwa anakata steki nyembamba. Galina alikuwa anaweka uyoga. Kila Jumapili Galina ananipikia stroganofu, ile nyama yao ya mchuzi wa maziwa, najilamba vidole. Mwanamke gani huyo asiyetoka mdomoni mwa mchumba wa watu?

Meseji ikaingia. "Natoka kazini Igogo sasa hivi mpenzi. Nusu saa niko kwako Kiseke."

Sabina akakata simu ya Gladness. Nyama nyingine hakuwa nayo. Alikuwa ameapa Luhaga akila leo atamsahau Galina, na sasa anayaponda mabonge kwa mwiko, hayapondeki.

Luhaga alifika, akanawa, akawekewa sahani na viazi pembeni.

"Hii si stroganofu?"

"Onja."

Akaonja. Sabina alimkodolea macho.

"Vipi?"

"Yenyewe. Kama ya Galina kabisa."

"Hata haya mabonge?"

"Mabonge ndiyo mpango mzima. Bila mabonge hainogi."

Moyo ukampasuka paa. Video ya mapishi alikuwa ameirudia wiki nzima, mchuzi wa watu umelainika kama uji wa mtoto.

"Luhaga, hayo mabonge ni maziwa yaliyokatika. Nimeharibu chakula. Sasa niambie, ya Galina uliila lini?"

Kijiko kikaishia njiani.

"Galina ni nani wako?"

"Mpishi wa hoteli. Mama mtu mzima, ana wajukuu." Luhaga aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa naosha vyombo. Stroganofu nilikuwa naisikia harufu ikipita kwenda kwa wateja. Sijawahi kuila."

"Unaosha vyombo, na chuo unasoma saa ngapi?"

Luhaga akakirudisha kijiko kwenye sahani.

"Luhaga, nakuuliza."

"Mwaka wa kwanza nilifeli, wakanitoa. Niliona aibu kurudi mikono mitupu, nikakaa miaka minne."

"Na hapo kazini kwenu, kwenye karakana ya boti, si wewe injinia?"

"Nachomelea vyuma. Injinia ni mtu mwingine."

Sabina aliketi.

"Baba ametangazia kanisa zima kwamba mkwe wake ni injinia. Ulitaka nijue lini, nikiwa na watoto watatu?"

"Niliogopa utaniacha."

"Na mimi usingizi sipati kwa kumuogopa Galina. Kumbe wa kuogopwa ni wewe."

Akalia. Alilia kwa hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na nafuu kwamba hakuna mwanamke mwingine, nafuu iliyomtia aibu. Kisha akamsogezea Luhaga simu.

"Mpigie baba."

"Sasa hivi?"

"Kabla sijabadili mawazo."

Simu ikapokelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, injinia wangu. Jumamosi mko tayari?"

"Baba, mimi si injinia."

Akayasema yote, sauti inakwama, anaendelea. Alipomaliza, upande wa pili zilisikika sauti za ng'ombe tu.

"Sabina anajua?"

"Anajua, baba. Yuko hapa."

"Mpe simu."

Sabina akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, unamtaka hivyo hivyo?"

Alimtazama Luhaga, kichwa chini, jasho linamtoka kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Ameniudhi sana, baba. Lakini namtaka."

Mzee alivuta pumzi ndefu.

"Basi Jumamosi waje. Ila wale wote niliowatangazia, atakwenda kuwaambia mwenyewe kwa mdomo wake."

Simu ikakatika. Luhaga akaanza kuisogeza sahani pembeni.

"Irudishe," Sabina akasema, anajifuta macho kwa kanga. "Kula. Si umeitamani miaka yote hiyo?"

Luhaga akala kijiko kimoja, akatafuna taratibu.

"Ni chachu."

"Najua."

"Tena si tamu, Sabina."

"Hapo sasa umesema ukweli."

Sabina akachukua kijiko kingine, akavuta kiti, wakala wote kwenye sahani moja.