Mgeni kutoka Kervanec

Jambo la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba bibi wa mtoto alilicheka. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, nyumbani kwao Jabe, mtaa mmoja wa Bujumbura. Joëlla, mtoto wa miaka sita, alisogea kwenye benchi ya chakula mpaka bega likagusa ukuta, akaacha nafasi ya mtu mzima mzima kati yake na mama yake.

"We, juu ya nini unajibana hivo?" bibi yake Adélaïde akamuuliza.

"Namupatia mama nafasi."

"Mama yako si huyu hapa?"

"Apana mama yangu. Ule mama mwenye kulowana."

Adélaïde akacheka, akampakulia maharage na ndizi. Elsa, mama wa mtoto, hakucheka, kwa sababu kuna harufu ilikuwa imempita puani. Ziwa letu halina chumvi. Mtu wa Bujumbura anaweza kuoga Tanganyika miaka themanini akafa bila kujua bahari inanukaje. Elsa alijua. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu ainuse kwa mara ya kwanza maishani mwake, kule Kervanec.

Elsa alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Miaka kumi na moja alikuwa amewakaririsha watoto wa watu mito na miji ya Ufaransa, na Ufaransa yenyewe hajaikanyaga; wanafunzi walijua, na walimtania nyuma ya mgongo. Basi alipochaguliwa yeye na mwenzake Darius kwenda huko mafunzo ya siku kumi, Jabe nzima iliambiwa, hata walioziba masikio. Siku ya nane walipandishwa basi kwenda kutembelea Kervanec, mji mdogo wa kale karibu na bahari. Mji wote ni mawe. Umezungushiwa ukuta, na vichochoro vyake vinateremka mpaka kwenye lango, na nje ya lango ni maji mpaka mwisho wa macho. Ndani ya kanisa vimeli vya mbao vinaning'inia darini, na ukutani yamechongwa majina ya watu waliokwenda baharini wasirudi. Hao hawana makaburi, aliyewatembeza alisema.

Elsa alivipenda vyote, lakini moyoni alikuwa na huzuni ya kijinga. Siku nane hizo hakuna mtu aliyemsalimia njiani. Aliwatupia watu bonjour yake nzuri ya darasani, nao wakapita. Alijisikia kama hayupo.

Karibu na lango ndipo alipomwona bibi mmoja wa nguo nyeusi, amekaa kwenye ngazi ya jiwe. Bibi aliitikia salamu. Si kuitikia tu: alisogea, akampa Elsa nafasi, akammiminia maji kwenye kikombe. Waliongea habari za watoto na za mvua, na Elsa nusura alie kwa furaha. Darius alipomwita kutoka mbali kwamba basi linaondoka, Elsa akasimama, akasema kile ambacho Mrundi yeyote aliyelelewa vizuri husema akishakunywa cha mtu.

"Asante sana, mama. Na wewe siku moja uje kwetu Bujumbura. Karibu sana."

Mtu wa kwetu angejibu "haya, nitakuja", na mambo yangeishia hapo. Sote tunaalikana hivyo kila siku na hakuna anayefunga mzigo. Lakini bibi yule alimshika Elsa mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Kwenu mko wangapi?"

"Watatu. Mimi, mama yangu na mtoto wangu."

"Mtoto," bibi akasema polepole. "Vizuri."

Jumatatu, kesho yake ile Jumapili ya benchi, Joëlla alianza kuwa na kiu. Alikunywa glasi mbili, akaomba ya tatu. Jumatano alimaliza jagi na bado alikuwa analia. "Iko chumvi! Mama, hii maji iko chumvi!" Adélaïde akayaonja, hayakuwa na chumvi. Elsa akayaonja, yalikuwa maji tu. Yaligeuka yakifika kinywani mwa mtoto. Midomo yake ikapasuka, ulimi ukawa mweupe, na ngozi ya mkono ukiibana ilibaki imesimama.

Hospitali walimtundikia serumu, maji ya mshipani. Siku ya tatu alikuwa anacheka na manesi, na daktari akasema hajaona ugonjwa wowote, warudi nyumbani kwa amani. Walirudi saa nne asubuhi. Kufika saa tisa alasiri ulimi ulikuwa mweupe tena.

Elsa aliipiga ile nyumba kufuli, wakakimbilia Buterere kwa dada yake Adélaïde, huko kwenye mashamba ya mpunga. Wakatandikiwa mkeka, chakula kikaletwa. Joëlla, ambaye hata kukaa hakuweza vizuri, alijikokota kando, akaacha nafasi. Elsa alipoiona ile nafasi tupu kwenye mkeka wa watu, akajua kwamba kisichoonekana hakikuja kuishi katika nyumba, kilikuja kwake yeye, na popote atakapolala ndipo kitakapolala.

Wakarudi Jabe. Jirani akawaletea watu wa maombi, wakashika mikono kuzunguka kitanda, wakapaza sauti wakisema toka, toka, ondoka mara moja, na walipokuwa katikati ya kelele hizo kila mmoja akasikia, pale jikoni ambako bomba lilikuwa limekauka wiki nzima, mtu anakamua nguo, anaikamua taratibu, maji yakimwagika sakafuni, kisha anaitikisa na kuikamua tena, kama mtu aliyeambiwa aondoke na hana mahali pa kwenda, na ile harufu ya chumvi na magugu yaliyooza ikajaa chumbani mpaka mama mmoja akatapika. Watu wa maombi waliondoka bila kuaga. Usiku huo Joëlla hakulia tena, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha Elsa kuliko kilio chochote.

Asubuhi alimpigia Darius. "Ile siku ya Kervanec, ulinipiga foto nikiwa na yule bibi?"

"Bibi gani? Ulikuwa peke yako, sha. Nilikuona unaongea peke yako, nikasema ni fatigue, umechoka tu." Akamtumia picha. Elsa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiwe chini ya ukuta usio na mlango, anatabasamu, na mkono wake umeinuliwa mdomoni bila kikombe.

Alitoka na ile simu mkononi, akavuka barabara.

Ng'ambo aliishi Bi Miza, mwanamke wa miaka sabini na kitu, wa zile familia za Kiarabu zilizouza vitambaa sokoni tangu zamani. Watu walisema anajua mambo ya majini na mapepo. Alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni na hakuipunguza sauti.

"Wiki mbili nawaona," alisema bila kugeuka. "Munapita na mutoto, munalia, munaenda kwa docteur, kwa pasteri, mpaka Buterere. Na mi niko hapa. Juu mi si Mukristo?"

"Unisamehe, Bi Miza. Mutoto anakufa."

Bi Miza akaizima televisheni.

Aliingia nyumbani kwa akina Elsa, akavua viatu, akasimama mbele ya benchi ya chakula. "Asalaam aleikum," alikiambia kile kisichokuwapo. Akangoja. Akaipapasa benchi, akanusa vidole vyake, kisha akamgeukia Elsa na uso uliobadilika.

"Nani alimutuma huyu?"

"Sijui. Hakuna mutu." Elsa akamweleza yote, maji, kikombe, mpaka neno la mwisho alilosema.

"Ulimuambia karibu? Ulimupatia na hesabu ya watu wa nyumba?" Bi Miza alijishika kichwa. "Kisha mukaleta watu wamufukuze?"

"Tulikuwa tunaogopa," Adélaïde akanong'ona.

"Huyu hakutumwa. Angetumwa, ningemurudisha kwa mwenye kumutuma. Huyu mulimuita wenyewe. Ni mugeni, na mugeni anakunywa wa kwanza. Anakunywa maji ya mutoto kabla ya mutoto, na chumvi yake inabaki. Hajui kama anaua. Ye anaona anapokelewa vizuri."

"Tufanye nini?" Elsa alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Uniambie tu. Nitafanya."

"Mugeni ule haumufukuzi. Unamuaga, unamusindikiza, vile tunasindikiza watu wote. Unatembea naye, unaongea naye vizuri. Na mugeni ndiye anasema, sasa inatosha, rudi. Si we." Bi Miza aliinua kidole. "Usigeuke kama ye hajasema. Ukigeuka wa kwanza, atageuka na we. Na mutoto ule hatafika kesho."

"Mi ndio nitamusindikiza," Adélaïde akasema. "Mi ni muzee. Elsa abaki na mutoto wake."

"Nani alimuita?" Bi Miza akauliza.

Elsa akainuka kutoka magotini.

Saa tisa alasiri Elsa aliingia chumbani. Joëlla alikuwa amelala macho nusu wazi, mwepesi kama nguo iliyovuliwa. Elsa alitaka kumkumbatia kwa nguvu zake zote, akaogopa kufanya hivyo, kwa kuwa kungekuwa kuaga. Alimgusa nyayo tu. "Narudi sasa hivi," akasema. Kisha akasimama mbele ya benchi, akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya upole, "Mama, umetutembelea vizuri, tumeshukuru. Njoo nikusindikize."

Benchi ikalia, kama inavyolia mtu akiinuka.

Walipita katikati ya soko la Jabe. Siku hizi petroli haipatikani na mji mzima unatembea kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona mwalimu njiani, ila wachache waliona midomo yake ikicheza, wakadhani anaongea kwa simu. Ubavuni kwake kulikuwa na ubaridi. Kila alipotazama chini aliona kwenye lami alama ya mguu wa maji, ndogo, ya mtu mzee, ikikauka na nyingine ikitokea mbele yake. Aliongea habari za mvua. Aliongea habari za shule. Kila mara mgeni aliitikia "ndiyo, mwanangu", kwa sauti ileile nzuri ya pale kwenye ngazi.

Walifika ziwani, Elsa akangoja. Mgeni hakusema inatosha. Alama za maji zilishika mkono wa kulia, barabara ya Gatumba, na Elsa akazifuata. Wakapita bandari, wakapita nyumba za mwisho, jua likawa linashuka upande wa milima ya Kongo, na yeye anatembea, visigino vinawaka, anasema moyoni sasa atasema, kwenye ule mti atasema, kwenye ule mzunguko atasema, tafadhali mama sema, na mgeni anaitikia tu ndiyo, mwanangu, ndiyo. Karibu na daraja la Rusizi polisi akamsimamisha.

"Madame, unaenda wapi saa hii?"

"Nasindikiza mugeni."

Polisi alitazama kando yake, kisha akatazama lami. Alirudi nyuma hatua mbili, akainua kamba ya kizuizi.

Juu ya daraja simu ikalia. Ilikuwa Adélaïde, analia na kucheka kwa pamoja. "Amekunywa! Elsa, amekunywa vikombe mbili! Anasema iko maji muzuri, ameomba na mukate, iko anakaa peke yake! Rudi sasa, mwanangu, imeisha. Rudi!"

Elsa alifumba macho. Neno alilolingoja tangu Jabe lilikuwa limesemwa, lakini na asiyehusika. Machozi yalimtiririka, ya furaha kweli, kwa maana mtoto wake alikuwa hai na alikuwa ameomba mkate. Aliishusha simu bila kuikata, akamgeukia aliyekuwa kando yake.

"Mama," alisema, "naona nimekufikisha mbali. Bado sana?"

Mgeni alimshika mkono kwa upendo kabisa.

"Wewe ulikuja kwangu kwa ndege, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuja kwenu kwa miguu."

Nyuma ya Elsa ulikuwepo mji, na ndani ya mji mtoto anakula mkate. Mbele ilikuwa giza na barabara. Akainama, akavua viatu vilivyokuwa vinamuumiza, akavishika mkononi.

"Haya, mama. Twende."

Huko Jabe Adélaïde alikuwa bado ameikaza simu sikioni. "Elsa? Elsa, unanisikia?" Hakujibiwa. Alichosikia ni hatua kwenye lami, za watu wawili, moja kavu na moja yenye maji, haziharakishi wala hazisimami, na aliendelea kuzisikiliza mpaka simu ya binti yake ikaishiwa chaji.