Mkono Juu ya Chuma

Nilikuwa uani napepeta maharage, jua limeshazama nyuma ya mlima na ukungu unaanza kushuka, mwalimu Joakimu wa kwaya alipoingia mbio bila hodi. Alimpita mama mkwe wangu mlangoni wala hakumpa shikamoo.

Nikaweka ungo chini. Hapa Bashay mtu hampiti mzee bila shikamoo, hata kama nyumba yake inaungua.

“Mama Perpetua, twende kanisani. Amplifaya inavuma.”

“Si inavuma siku zote? Leo ndiyo umesikia?”

“Leo haijawashwa.” Akameza mate. “Na Oliva yuko nayo. Hataki kuiachia.”

Oliva ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka saba, na kilio chake ni kimoja tu: kwamba hana mdogo wa kubeba. Hujifunga gunzi la mahindi mgongoni akalibembeleza mpaka mimi nachoka kumwangalia.

Nilimwambia Perpetua asonge ugali. Nikachukua koleo na bisibisi. Kabla ya kuolewa nilikuwa natengeneza redio gulioni na marehemu kaka yangu Patriki, kwa hiyo kila kinachoharibika huku naitwa mimi, niwe nimechoka au sijachoka.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, aliiacha padri mmoja aliyerudi kwao. Ndani ina valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama makaa. Gitaa la Joakimu likipita humo linalia vizuri sana. Lakini tangu kigango kipate umeme, sauti ilikuwa na mvumo. Juzi Joakimu akaamua kuutibu mwenyewe. Alipigilia nondo nje, akaifunga waya, akaupitisha dirishani mpaka kwenye chuma cha amplifaya. Waya wa ardhi. Hakukosea. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mlangoni tulimkuta mzee Margwe, mlinzi, amejitanda blanketi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Ingia wewe, mimi nitakufuata. Mimi nimeajiriwa kuzuia wezi, sikuajiriwa kulinda kitu kinachonung’unika.”

Ndani palikuwa na mshumaa mmoja. Palinukia udongo mbichi, na moshi wa zamani, na kitu kingine nilichokijua lakini sikutaka kukitaja… maziwa ya mtoto, yaliyochachia kwenye nguo.

Oliva alikuwa amechuchumaa kando ya amplifaya, kiganja juu ya chuma. Kimya kabisa.

“Mbona haivumi?” nikanong’ona.

“Kwa sababu nimeishika, mama. Nikitoa mkono wanaanza.”

“Akina nani?”

Akatoa mkono.

Mmmmmmm…

Mvumo wa umeme naujua. Umenyooka, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Huu haukunyooka. Ulishuka, ukakatika kidogo, ukaanza tena.

Ulikuwa unavuta pumzi.

Joakimu akaweka kiganja chake juu ya chuma. Haukubadilika. Nikaweka changu. Ukapanda ghafla, kama watu waliosikia hatua mlangoni. Nikakitoa haraka.

“Mzee, mshike huyu mtoto. Asiguse kitu.”

Margwe akamvuta Oliva kwenye blanketi lake.

Mvumo hutafutwa kwa kuondoa. Ndivyo Patriki alivyonifundisha. Unaondoa kitu kimoja, unasikiliza. Unaondoa kingine, unasikiliza. Mvumo ukinyamaza, basi ulichogusa mwisho ndicho chenye mvumo.

Nilipunguza sauti mpaka mwisho. Mmmmmm. Nikachomoa gitaa. Mmmmmm. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, mbali na soketi. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikaanza kung’oa valvu moja moja kwa pindo la kanga, nikidhani zitaniunguza.

Zilikuwa za baridi kama mawe ya mtoni.

Nikazipanga zote juu ya benchi. Amplifaya ilibaki sanduku tupu lenye spika, na spika ilikuwa inatetemeka. Nilimulika kwa simu nikaiona, karatasi yake ikitoka na kurudi taratibu kama kifua cha mtu.

Kilichobaki ni waya mmoja. Ule uliotoka dirishani.

“Joakimu, nondo uliipigilia wapi?”

“Hapo nyuma, kwenye shimo dogo. Udongo ulikuwa laini. Karibu izame yenyewe.”

Margwe akafyonya. “Laini! Mwalimu, kiangazi chote hiki majembe yanapinda, wewe unapata udongo laini na hujiulizi?”

“Pana nini, mzee?” nikauliza.

“Nyumba.” Akashusha sauti. “Zamani wazee wetu walichimba nyumba ndani ya mlima, paa wakalifunika udongo na majani, ili wavamizi wapite juu wasione kitu. Babu alisema usiku mmoja walipita juu ya hiyo. Ndani kulikuwa na mtoto mchanga, anataka kulia. Basi wote wakamvumia, midomo imefungwa, anyamaze. Akanyamaza. Halafu ng’ombe walioporwa wakakanyaga paa, likawaangukia.”

“Wakatolewa?”

“Nani angewatoa? Palifukiwa hivyo hivyo.”

Mmmmmmm…

Sasa niliusikia ulivyo. Ni mvumo ambao mimi mwenyewe nimeuvuma usiku mara nyingi mno, mtoto ana homa, na mimi nimesimama nikisinzia.

Nikashika koleo. Nilitaka kitu kimoja tu, kumrudisha mwanangu nyumbani.

Patriki alikuwa na onyo moja. Usikate waya wa ardhi kabla hujajua mkono wa nani uko kwenye chuma. Umeme ukikosa ardhi hutafuta mtu.

Nililikumbuka onyo hilo koleo likiwa limeshauma.

Tak.

Kimya.

Nikageuka. Margwe alikuwa ameinua mkono kufanya ishara ya msalaba. Blanketi lilikuwa wazi. Oliva alikuwa amesimama mbele ya sanduku, viganja vyote viwili juu ya chuma, ametulia kama mtoto aliyepokezwa kitu asikiangushe.

“Umenyamaza!” Joakimu akacheka, kicheko kibaya. “Mama Perpetua, wewe ni fundi.”

Nilimkagua Oliva mikono, macho, ulimi. Hakuwa na kitu. Alisema anasikia baridi, nikampa kanga yangu. Tukarudi nyumbani kwenye ukungu, naye njia nzima alitembea polepole.

Nyumbani mume wangu Isidori alikuwa amesharudi na ng’ombe. Perpetua aliweka ugali katikati, nikaleta maharage na maziwa. Mama mkwe, Isidori, Perpetua, mwanangu Abel, Oliva, na mimi. Wote tupo.

Nikakaa. Ndipo nikausikia.

Mmmm…

Chini sana. Nilitazama redio. Imezimwa. Simu haikuwa kwenye chaji.

Mvumo hutafutwa kwa kuondoa.

“Baba Perpetua, ng’ombe wamekunywa?”

“Wamekunywa,” akasema, na chini ya sauti yake mvumo ukaendelea.

“Mama, nikuongezee maharage?”

“Yanatosha, mwanangu.” Ukaendelea.

“Abel, umenawa?”

“Nimenawa, mama. Perpetua ndiye hajanawa.”

“Mwongo wewe! Nimenawa kabla yako!” Ukaendelea.

“Oliva.”

Ukakatika.

“Abee, mama.”

Akafunga mdomo. Mmmm…

Isidori akacheka. “Mwache, kwaya imemwingia.”

Oliva alikuwa anajitikisa kidogo, mbele, nyuma. Kanga yangu alikuwa ameifunga mgongoni, vile anavyofunga gunzi lake. Lakini gunzi lilikuwa kwenye kona ya jiko, nililiona. Na kanga ilikuwa imelegea kwa chini, imevutwa na uzito.

“Oliva,” nikasema, “unambembeleza nani?”

Akaweka kidole mdomoni.

“Sema polepole, mama,” akanong’ona. “Wao wamechoka. Wameniomba nimshike kidogo tu.”

Hakuna aliyesikia ila mimi. Nikapakua. Nikawahesabu tena kwa macho, mmoja mmoja, na hesabu ilikuwa sawa.

Kisha Oliva akageuza shingo, akasikiliza nyuma ya bega lake, akanyoosha kikombe kidogo.

“Na maziwa, mama.”

Nikamimina.