Kiti cha Kushoto Kina Mtu

Haya yalimkuta kaka yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Sikusoma sana, kwa hiyo nitayaeleza kama nilivyoyaona, na Mungu ni shahidi wangu kwamba sijaongeza chumvi.

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua limewaka, nimefua, nimeanika. Nikabeba chakula cha kaka kwenye bakuli la mfuniko, nikaenda kwenye kiwanja cha ndege cha zamani alikokuwa akiishi peke yake, kwenye chumba kilichobanana na hanga, lile banda la kuegeshea ndege. Kiwanja chenyewe kilishafungwa. Majani yalikuwa yameota katikati ya njia ya kurukia, na mbuzi walilala pale ndege zilipokuwa zinageuzia.

Kaka alikuwa fundi wa ndege ndogo. Alipostaafu, akabaki na kazi moja ya ajabu: kutambua ndege za kale kwa kutazama chumba cha rubani tu. Watu wa mbali walimtumia picha kwenye simu, bila bawa wala mkia, viti na mishale ya vipimo basi, naye anawaambia ni ndege gani. Aliniambia kwamba nje ya ndege mtu anaweza kupaka rangi, akabadili pua, akaunga mkia wa nyingine. Ndani ndiko kila mtengenezaji alikoacha tabia yake. Huyu koki ya mafuta anaiweka sakafuni, yule anaitundika juu ya kichwa. Huyu breki anaificha chini ya kiti kama mtu anayeficha sukari.

Mzoga wa ndege ukiwa karibu, hakutaka picha. Aliingia mwenyewe, akakaa kiti cha rubani, cha kushoto, akafumba macho na kuiacha mikono itafute.

"Macho yana kiherehere," alikuwa akisema. "Yanakimbilia jibu."

Na mtu huyo hakuwahi kuruka hata mara moja. Aliogopa juu kama mimi ninavyoogopa nyoka, ndiyo maana mafundi wenzake wakampachika jina la Rubani wa Ardhini. Aliyekuwa anaruka ni mkewe, wifi yangu, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kumzidi mwili. Kila alipopanda alikipiga kofi kiti cha kulia. "Njoo bwana, hakiumi!" Kaka anacheka, anatikisa kichwa, anabaki chini na kitambaa chake cha grisi. Asubuhi moja wifi akaruka peke yake, anga ikiwa safi, na hakurudi. Waliomtafuta hawakuona moshi. Hawakuokota hata skrubu.

Tangu hapo, kila picha iliyofika kaka aliitazama kwanza kwa shida yake mwenyewe, ndipo akamjibu mwenye picha. Nilijua. Nikamwandalia chumba kwangu, nikamwambia aje tukae wote, maana tumebaki wawili tu duniani. Nakiri haikuwa huruma peke yake. Nyumba yangu nayo ilikuwa kimya mno, nilifika mahali pa kuongea na birika.

Jibu lake halikubadilika. "Nikijua aliko, nitakuja, mdogo wangu. Nikihama sasa, akirudi atanitafuta wapi?"

Basi siku hiyo nilimkuta muuza vyuma chakavu ameshusha mzoga kwenye majani mbele ya hanga. Kiwiliwili kitupu. Mabawa hakuna, mkia hakuna, pua imekatwa. Nyuma, nyaya zilizokuwa zikivuta mkia zilitoka kwenye tundu zikalala chini kama mizizi.

"Rubani wa Ardhini!" alikuwa akipaza sauti. "Nimekuletea bibi harusi. Hana mikono, hana miguu, lakini sura anayo!"

"Umemtoa wapi?" kaka akauliza.

"Bondeni huko, porini. Walioniuzia nao hawajui. Niambie tu mzee, kama ni ya maana nisiikate."

"Na kama si ya maana?"

"Inakuwa masufuria."

Akacheka, akaenda zake kutafuta soda. Tukabaki sisi wawili. Kaka akafuta mikono kwenye suruali, akaingia, akakaa kushoto, akafumba macho. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli langu.

"Koki iko juu ya kichwa," akasema taratibu. "Ina umbo la tone. Breki iko katikati ya viti." Mkono ukapapasa mlango. "Kishikio cha kuzimia moto... hapa. Mdogo wangu, hii ni Mbayuwayu."

Hata mimi nilijua maana yake. Mbayuwayu zilitengenezwa chache sana, na wifi aliondoka na mojawapo.

Miguu yake ikatafuta pedali. Ikagusa.

"Kuna mbao," akanong'ona. "Nilizifunga mimi. Alikuwa hafikii."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Kabla ya kumlilia wifi nilifurahi, kwa sababu niliona kitanda nilichomtandikia kwangu kimepata mtu.

"Basi, kaka. Tumejua. Shuka tumwombee, halafu twende nyumbani."

Hakushuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyeingia chumbani akakuta mwenzake anavaa.

"Kiti hiki kina mtu," akasema.

"Nani? Kaka, nakuona uko peke yako."

"Nyuma ya magoti yangu kuna magoti."

Akainuka polepole, kwa adabu, kama unavyoinuka ukigundua umemkalia mtu nguo. Akahamia kiti cha kulia. Mlango ukajifunga. Sikuusukuma mimi, na hapakuwa na upepo.

Mbele ya kila kiti palikuwa na fimbo ya usukani. Zamani fimbo zile mbili ziliungwa na chuma kimoja chini ya viti, moja ikienda na nyingine inafuata. Chuma kile kilikuwa kimeoza. Nilikiona kimekatika kwa macho yangu.

Fimbo ya kushoto ikasogea.

Ya kulia ikafuata.

Kaka akaishika. Mishipa ya mkono ikamtoka.

"Nzito," nikamsikia kupitia kioo. "Ina upepo, mdogo wangu. Ina upepo!"

Nikatazama nyuma. Nyaya zilikuwa zimenyanyuka kutoka kwenye majani. Zimekaza. Zinatetemeka. Hazikufungwa popote.

Nikavuta mlango. Haukutii. Nikapiga kioo, nikaita jina la Mungu, nikamwita kaka. Akageuka. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba pumzi yangu ilikuwa kwenye kioo, lakini macho yake yalikuwa yananitafuta chini, chini kabisa, kama mtu anayetafuta paa la nyumba yao kutoka mbali. Akaniona. Akatabasamu. Akanipungia mkono kwa upana, kama unavyompungia mtu aliye mdogo sana.

Halafu nyaya zikaanguka.

Mlango ukafunguka wenyewe mkononi mwangu. Ikanipiga baridi, baridi ya kuumiza meno, mchana ule wa jua kali. Ndani hapakuwa na mtu. Mikanda ya viti vyote viwili ilikuwa imefungwa. Wa kulia ulikuwa wa mtu mwenye tumbo kama kaka. Wa kushoto ulikuwa umekazwa hadi mwisho, wa mtu mdogo.

Muuza vyuma alirudi na soda zake, akauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikamwonyesha mikanda. Tulimtafuta kaka hangani, chumbani, kwenye mtaro, hadi jua likazama. Yule bwana mcheshi hakutoa mzaha tena. Mzoga aliuacha pale pale, na mpaka leo hataki kusikia habari zake.

Huwa nakwenda. Nakaa kwenye majani, nasali kidogo, nafuta kioo cha mbele kwa maji na sabuni. Mwanzoni nilimwombea kaka kama marehemu. Siku hizi namwombea kama msafiri, na sijui kama ni dhambi.

Maana jana niliondoka kioo kikiwa safi, kinang'aa. Leo nimekikuta kimejaa wadudu waliopondeka, namna wanavyopondeka wakigongwa na kitu chenye kasi. Walikuwa wabichi. Mmoja bado alikuwa anachezesha bawa.