Mabati Makumi Ine ya Maternité

— Ni mwanamuke gani, Manassé? Sema jina yake, niende nimusalimie!

Alikuwa anasimama ku mulango ya nyumba yake, kofia mu mukono, ametoka kazi. Ilikuwa samedi, kesho siku ya kanisa, saa sita ya muchana, bantu banapita barabarani, na minyi nilitaka bapite. Nilitaka basikie.

— Phébé, ingia mu nyumba. Usilie inje.

— Nani analia? Minyi nalia? Niko na kasirani, Manassé! Ingia weye, ujifiche vile ulificha mabati!

Kama haunijue: jina yangu Phébé, nilikuwa mwalimu ku masomo ya Metodiste, hapa Kamina. Manassé Mwanza alikuwa karani ku gare ya treni, na mu mwaka 1958 bantu balimuchagua kuwa conseiller, mujumbe ya ile baraza yenye kuamua sheria na feza ya site, mitaa ya bantu beusi. Alikuwa pia muchumba yangu. Ndoa ilibakia wiki tatu tu.

Baraza ilikuwa imetenga feza ya bantu kununua mabati makumi ine juu ya maternité, nyumba ya kuzalia. Banamuke ya site balikuwa banazala chini ya nyasi, mvua inabanyeshea pamoja na batoto. Manassé njo alipewa kazi ya kupokea ile mabati. Ilifika na treni, akatia sinyatire yake ku karatasi. Kisha ikapotea, yote, hata moja haikubakia.

Conseiller mwenzake, Stanislas, alisimama mu baraza akapiga meza: "Huyu amekula feza yetu! Anaoa na mabati ya maternité!" Kesho yake site yote ilikuwa inaimba vile. Ile samedi asubui muuza unga ya mihogo alifunika kitunga yake aliponiona.

— Minyi siuzishie weye, alisema. Nenda kule kula mabati.

Na minyi nilijua kwetu hakukufika hata bati moja. Ao nilifikiri najua. Nilikuwa nimefundisha miezi mbili Malemba-Nkulu, nimerudia juzi tu. Sasa kama haikuenda kwetu, ilienda kwa nani? Bantu balisema kuko mwanamuke mumoja Luena. Na Manassé alikuwa anapanda treni ya Luena kila mwezi, eti juu ya kazi ya gare!

— Hakuna mwanamuke, alisema.

— Basi mabati iko wapi?

— Siwezi kusema.

— Juu ya nini?

— Juu siwezi, Phébé.

— Lakini unajua kwenye iko?

Aligeuza kofia yake mu mukono. Yo! Bora angenipiga uongo. Uongo ningeushika, ningeupasua. Nilivua pete nikaitupa, ikagonga kiatu yake. Aliinama, akaiokota, akaipanguza na shati yake polepole. Ile upole yake iliniongezea kasirani mara mbili.

— Mardi, kisha siku tatu, nitajitetea mbele ya baraza, alisema. Kuya usikilize.

— Utabaambia mabati iko wapi?

— Hapana.

— Basi utajitetea na nini? Na kravati?

Bantu barabarani balicheka. Minyi nilienda bila kugeuka.

Magaribi, Marc alikuya kwangu. Marc alikuwa shofere ya camion, rafiki yake ya zamani, njo alikuwa anabeba maneno kati ya jamaa yetu na jamaa ya Manassé. Aliniletea karatasi:

"Phébé, sikuiba. Hakuna mwanamuke. Amini haya mambo mbili, hata kama haunitake tena. Usiniulize ya tatu. Manassé."

Niliipasua mbele ya macho yake.

— Marc, weye unajua kitu?

Aliokota vipande ya karatasi.

— Bwana Manassé alinikataza, mwalimu.

— Haya! Bote munyamaze! Minyi nakwenda Kabongo.

Sababu kwetu uchumba haiishe na kutupa pete. Baba yangu alikufa zamani, na mali ya ndoa ilikuwa inapokelewa na kaka yake, baba mukubwa Kitwa, ku Kabongo. Kama namukataa Manassé, baba mukubwa njo anapashwa kurudisha ile mali yote. Kesho yake, dimanche asubui, nilipanda camion ya bafanya biashara, vumbi mu meno, na njiani nilipanga maneno yote ya kumutukana nayo Manassé. Sikupata hata nafasi ya kuyasema.

Nyumba ya baba mukubwa ilikuwa inangaa. Nyumba yenye nilijua na nyasi mweusi, sasa ilikuwa na bati juu, mupya, jua inapiga mpaka macho inauma. Na nyumba ya kaka mwengine ya baba, pembeni. Na jiko. Hata kibanda ya kuku!

— Karibu, mwana! baba mukubwa alipiga kelele. Angalia mali yako! Mukwe yetu ni mwanaume, kweli! Tulikuwa tunangojea kidogo tu ya mwisho, vile moyo yake itamuambia. Moyo yake ilimuambia makumi ine!

Nilisogea. Mu pembe ya kila bati kulikuwa rangi nyekundu: MAT. KAMINA.

— Baba, hii maandiko ni nini?

— Fundi alisema ni jina ya muzungu mwenye alitengeneza.

Baba mukubwa hakujua kusoma. Fundi naye, kumbe, vilevile.

— Nani alibaletea?

— Mama yako alitutumia habari: mukwe ametuma mabati, imejaa mu lupango, kuyeni mugawane. Tulikodisha camion.

Nilikaa chini.

Sikiliza vizuri, sababu muntu ya ngambo anaweza kusema hii ni ujinga. Kwetu, mwanaume na mama ya bibi yake, mama mukwe yake, habaonane uso kwa uso. Akimuona barabarani, anakata njia. Haingie mu lupango yake, ile kiwanja yenye ua. Hamusemeshe, na hamutie haya hata siku moja. Tunaita hii buko. Bamisionere balikataza pombe, balikataza ngoma, buko habakuigusa.

Na Manassé, karani muzima, mwenye kuandika bordereau, karatasi ya mizigo ya treni, bila kosa, alichukua mali ya bantu akaificha mu lupango ya mama yangu, moja tu ya Kamina yenye yeye hawezi kukanyaga! Stoo ya baraza haikuwa na kifungio, lupango ya mama ilikuwa nyuma ya gare na ua ya nguvu. Alimutuma Marc na camion; Marc mwenyewe alinieleza kisha. Marc alikuta mama ameenda ku shamba, akashusha mabati, akamuambia jirani ni ya Bwana Manassé, akaenda zake. Mama alirudia, akaona. Ile wiki njo tulikuwa tunangojea mwisho ya mali. Mama ya bibi hatume muntu kuuliza mukwe "umetuma nini, umetuma ngapi?" Ni tamaa, ni haya. Akashukuru Mungu, akaita baba mukubwa.

Wiki tatu kisha, Marc alirudi kuchukua mabati, akakuta majani tu.

Kesho yake, lundi magaribi, nilirudi Kamina. Mama Marthe, mama yangu, alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Sikumusalimia.

— Mama, mabati ya Kabongo iko na maandiko nyekundu.

Mukono yake ilisimama.

— Najua.

— Unajua tangu lini?

— Tangu siku Stanislas alipiga kelele. Nilifikiri, nikaelewa.

— Wiki moja! Wiki moja unakaa na sombe yako, na bantu banamuita mwizi! Bananinyima unga mu soko! Mama, weye uko na moyo ao jiwe?

— Punguza sauti.

— Sipunguze! Kesho banamufukuza, kisha banamupeleka mu gereza! Kwa sababu ya mabati ya kuku ya baba mukubwa!

— Na minyi nifanye nini? Nipande ku nyumba ya baba yako mukubwa, nishushe bati kwa mukono yangu? Batasema mukwe alitupatia mali kisha akanyanganya. Batasema haujaolewa, weye ni bure. Na minyi, mujane, nitaitwa mama mwenye alikula maternité. Yeye mwenyewe alinyamaza, Phébé. Aliniheshimu.

— Alikuheshimu! Na weye, ulimuheshimu na nini?

Niliona machozi inaanguka mu sombe, na sikumuhurumia. Nasema kweli: ile siku sikumuhurumia hata kidogo.

— Kesho minyi nitasema mbele ya baraza, nilimuambia. Nitataja jina yako.

— Utanitia haya mbele ya mukwe yangu?

— Nitakutia.

Mardi, saa tatu ya asubui, nyumba ya baraza ilijaa mpaka madirisha. Conseillers balikaa ku meza ya murefu, président katikati. Manassé alisimama peke yake, na ile kravati. Nilikaa nyuma.

— Bwana Mwanza, président alisema, jitetee.

— Nilipokea mabati makumi ine. Sinyatire ni yangu. Sikuuza hata moja, sikupata hata falanga. Ilipotea mu mikono yangu, basi nitailipa na mushahara yangu mpaka iishe.

Stanislas aliruka.

— Ilipotea! Mabati iko na miguu? Uliiweka wapi?

— Mahali ya salama.

— Mahali gani?

— Sitasema.

— Sababu unaoa nayo!

— Sitasema, Bwana Stanislas.

— Bantu ya site, munasikia? Banamuke yenu balale chini ya mvua, juu Bwana Karani anapenda kuoa!

Kelele ilipanda. "Mwizi! Atoke!" Nilisimama. Nilifungua kinywa, na mbele neno itoke, bantu ya mulango baligawanyika.

Mama aliingia.

Kitambaa ya kanisa mu kichwa, kikapu mu mukono, anatembea katikati ya bantu. Manassé alimuona. Mara moja aligeuka, akaweka uso yake ku ukuta, mbele ya président, mbele ya bote, na akabakia vile.

— Minyi Marthe, mama alisema. Mabati ilikuwa mu lupango yangu. Huyu mwana aliiweka pale ku ulinzi. Minyi nilifikiri ni mali ya Phébé, nikagawia jamaa ya bwana yangu Kabongo. Kisha nilijua, na nikanyamaza. Yeye hakuiba. Minyi njo niliogopa.

— Uongo! Stanislas alisema. Mabati ya bantu inakaa pale, na yeye haendi kuangalia hata mara moja? Muntu gani anafanya vile?

Hapo kasirani yangu yote, ya Manassé, ya mama, ya muuza unga, ilipata njia.

— Bwana Stanislas! nilisema. Weye uko Muluba kama sisi. Uko na bibi. Lupango ya mama ya bibi yako, uliingia siku gani kuhesabu bintu yake? Tuambie siku!

Aliangalia meza.

— Tuambie! Bantu bote banangojea!

Muzee mumoja ku dirisha alianza kucheka, na kicheko ikazunguka nyumba. Stanislas alikaa. Manassé alikuwa angali ku ukuta, mabega inatikisika. Mama alimupita pembeni, bila kumuangalia, akatoka. Njo hapo tu Manassé aligeuka, na macho yake ilikuwa nyekundu.

Baraza iliandika kwamba hakuiba. Lakini balimutoa mu kazi ya kupokea bintu ya majenzi, na ilikuwa haki: mali ya bantu haiwekwe kwa mukwe. Nilimungojea inje. Alikuya na pete mu mukono.

— Bado, nilimuambia. Ulipenda niamini uko na mwanamuke Luena, kuliko kuniambia kweli.

— Ni mama yako, Phébé.

— Na minyi ni nani yako? Ulilinda uso ya mama, uso yangu ukaiacha mu soko! Siku ingine ukininyamazia, nitakushitaki minyi mwenyewe, mbele ya Stanislas.

— Sitakunyamazia tena.

— Apa!

— Naapa.

— Baba ya Kabongo batashusha mabati, mali yako itapunguka. Utaanza kulipa upya.

— Nitaanza.

— Basi lete hiyo pete. Na usifikiri kasirani imeisha.

Baba mukubwa Kitwa alishusha mabati akitukana treni, baraza na muzungu ya rangi nyekundu. Tulingojea miezi sita mpaka Manassé alimaliza mali nyingine, kisha tulifunga ndoa mu kanisa ya Metodiste. Muuza unga alikuya kucheza. Nilimupatia chakula kidogo tu.

Mwaka kisha nilizala mutoto mwanamuke mu maternité, chini ya ile mabati. Ilikuwa mvua. Tundu ya misumari ya Kabongo baliziba na goudron, ile lami, lakini moja balisahau, na maji ilianguka tone kwa tone pa paji ya uso yangu. Nilitukana ukoo yote.

Manassé alikuwa pembeni ya kitanda, amebeba mutoto. Mama akatokea ku mulango na kikapu yake. Mara moja Manassé akageukia ukuta, na mutoto mu mikono.

— Manassé, nilisema. Buko ilikuwa karibu ikupeleke mu gereza. Utamuonesha mama mugongo, mpaka mutoto aote meno?

— Phébé, haifanyike.

— Mama, unapenda kuona mujukuu yako?

Mama aliweka kikapu chini.

— Mwana yangu, alimuambia, na hakuwahi kumuita vile. Geuka. Unaangalia ukuta tangu zamani.

Manassé aligeuka polepole, macho chini, kisha akayainua. Baliangaliana mara ya kwanza. Alinyoosha mikono, akamupatia mutoto. Mama alimupokea, akasogea upande mwengine ya kitanda, kwenye maji haikuanguka.