Bafta ya Nusaiba

"Sista, hiyo traksuti ya kiume. Unamnunulia nani, mumeo?"

"Wewe unauza nguo au unauza maswali?"

Watu walioinama juu ya rundo wakacheka. Siku zile mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, na belo likifunguliwa soko la Tandika, wanawake wenye heshima zao walivutana mashati kama hawajawahi kuvaa. Nusaiba alikuwa na mtandio wa njano na gauni la maua madogo, mkono mmoja umeshika suruali ya bluu, mwingine umeshika kiuno. Muuzaji, kijana mrefu aitwaye Marijani, alikiona kile kiuno kinavyoshikwa.

"Unaumwa?"

"Cherehani hiyo. Punguza bei nikapumzike."

"Nitapunguza ukiniambia unashona wapi."

"Basi sitaki upunguze."

Akalipa bei kamili, akaondoka. Marijani akamtazama mpaka mtandio ule ukapotea kwenye watu. Jumatatu simu ikalia katika karakana ya kushona sare kule Chang'ombe, na msimamizi akaita kwa hasira, "Nusaiba! Simu! Hapa si posta!"

"Halo?"

"Traksuti imekutosha?"

"We mwanamume! Namba umeitoa wapi?"

"Karakana zenye simu karibu na Tandika si nyingi, laazizi. Nimeulizia fundi wa mtandio wa njano, na watatu wamenitukana kabla yako."

Nusaiba akacheka mbele ya msimamizi, na ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa maneno makali.

Suruali ile ilikuwa na kazi yake. Bi Kusum, mke wa mwenye karakana, alimwona siku moja anashindwa kuinuka kitini, akamfundisha yoga, mazoezi ya kwao Uhindini, mchana mafundi walipokwenda kula. Kisha Bi Kusum akahamia ng'ambo kwa wanawe, na Nusaiba akabaki na mgongo wake katika chumba cha kupanga Temeke.

Mwanzoni alifanya yote aliyoonyeshwa, akazidi kuumia. Akaanza kuchagua. Alibakiza kujinyoosha kama paka, kuinama huku ameshika kigoda, kupandisha miguu ukutani, na la mwisho, kulala chali kimya mpaka pumzi itulie. Maneno ya Kihindi aliyaacha kwa wenyewe. Kila siku aliswali alfajiri kwanza, akakunja mswala akauweka juu ya kabati, ndipo akasukuma kitanda na kutandika mkeka sakafuni. Hakuvichanganya hata mara moja. Taratibu akaanza kushona kutwa bila kulia.

Lakini nyumba ya kupanga haina siri. Mpangaji mwenzake, Mwajabu, alichungulia pazia, akaenda hadi Mtoni kwa mama yake Marijani.

"Bi Mwanaasha, huyo mchumba wa mwanao anaabudu jua. Na suruali anavaa!"

Bi Mwanaasha hakumpenda Nusaiba tangu aliposikia ni fundi cherehani mwenye mgongo mbovu. Akamwita mwanawe. "Mwanangu haoi mwanamke anayepindukapinduka chumbani kama mjusi. Nimemaliza."

Marijani akaenda kwa Nusaiba amekunja uso.

"Uliniambia suruali ni ya kulalia."

"Nalala nayo. Chini."

"Usinifanyie mzaha! Mama anasema unaabudu."

"Mama yako aje anione ninavyoswali, kisha aone ninavyojinyoosha. Ni vitu viwili."

"Acha basi mpaka ndoa ipite."

"Nikiacha siinuki kitini, Marijani. Utaoa gunia?"

Waliagana bila salamu.

Ijumaa asubuhi Bi Mwanaasha akatoka Mtoni peke yake, buibui limebana, nia yake ni kumfumania mtu na jua lake. Alipita koridoni bila kubisha. Nusaiba alikuwa amesharudi kuchota maji, mlango ameuacha wazi, pazia tu limeshushwa. Alikuwa chali juu ya mkeka, viganja vimetazama juu, kitambaa cheupe kimefunika macho.

"Nusaiba! We Nusaiba!"

Nusaiba alisikia. Akakumbuka kwamba yumo ndani ya suruali mbele ya mkwe, aibu ikambana, akajifanya amelala ili mama yule aende zake. Bi Mwanaasha akainama, akamshika kidole gumba cha mguu. Kilikuwa baridi, kwa sababu ya saruji.

"Uuuwi! Amekufa! Jamani, mtoto amekufa!"

Angeinuka hapo hapo, yangeisha. Lakini Bi Mwanaasha alianguka magotini akaanza kulia, na maneno yaliyomtoka hakuna aliyewahi kumsikia akiyasema.

"Mkamwana wangu mpole! Mwenye adabu! Mikono ile, nani atashona kama yeye? Nilimchukia bure, mie mjinga mie! Nani atampenda mwanangu kama huyu?"

Nusaiba alilelewa kwa shangazi, kwa masimango, na tangu azaliwe hajawahi kusifiwa hivyo. Akataka kusikia neno moja tu zaidi. Hapo ndipo alipokosea. Neno moja likaleta jingine, na nyumba ikajaa. Wanaume wakatoa mabenchi nje. Mwajabu akalia kuliko wote. Mtu akatumwa Tandika kwa Marijani. Mwanamke mmoja alipochana kipande cha kanga na kusogea kumfunga kidevu, maiti akaketi.

"Samahanini. Mie mzima."

Watu wakakanyagana mlangoni, ndoo ya maji ikapinduka, Mwajabu akatoka na kiatu kimoja. Bi Mwanaasha pekee ndiye hakukimbia.

"Ulikuwa unanisikia?"

Nusaiba akainamisha kichwa.

"Unanisikia, na umelala! Nami nalia!" Akampiga kwa pindo la buibui begani, mara ya kwanza, mara ya pili. "Umeniibia maneno yangu, mwizi mkubwa wewe!"

Wakati huo Marijani akaingia mbio, macho mekundu, kwapani amebana bafta nyeupe aliyoinunua njiani. Akamtazama Nusaiba amesimama na traksuti yake ya bluu. Akaitazama bafta.

"Nimekuletea sanda," akasema polepole. Kisha akapaza sauti. "Sanda, Nusaiba! Chagua leo. Mkeka au mie."

"Bila mkeka hutapata mke, utapata mgonjwa."

"Nimekusikia." Akageuka akaondoka na bafta yake.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia, ukaisha. Nusaiba alijinyoosha kila alfajiri, mlango ameufunga kwa komeo, na machozi yakamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa chali. Siku moja simu ya karakana ikalia.

"Bado unalala kama maiti?"

"Kila siku."

"Kaidi."

"Umetumia simu ya watu kuniambia hivyo?"

"Siku ile njiani, Nusa, nilikuwa najiuliza nani atanitukana tena maisha yangu yote. Nikakukuta hai, badala ya kumshukuru Mungu nikagomba."

"Uligomba sana."

"Na wewe ulituweka roho juu."

"Nilikosa, wallahi. Mama yako je?"

"Hataki jina lako litajwe. Lakini akipita mtaani wanamwuliza, hajambo mkamwana wako mpole, mwenye adabu?"

Nusaiba akaweka simu chini akitabasamu na kujifuta macho.

Wiki ile ile Bi Mwanaasha akaingia karakanani, Marijani nyuma yake na kifurushi. Mafundi wakaacha kukanyaga cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na usinichekee." Akavuta kiti akaketi kwa nguvu. "Nimekulilia mbele ya watu. Nikikukataa sasa watasema nililia uongo. Mie si mnafiki, na kesho kwa Mungu sitaki kuulizwa. Marijani, mpe."

Marijani akafungua kifurushi. Bafta ile ile.

"Mshonee kanzu," akasema mama.

"Kanzu ya nini?" Nusaiba akauliza.

"Ya kukaa nayo mbele ya shehe nikuoe," akasema Marijani, "pamoja na ulimi wako huo."

"Na mkeka?"

Karakana nzima ikamtazama Bi Mwanaasha. Akakaza midomo.

"Uje nao. Ila mie nina moyo wangu mmoja. Nikikuita, uchezeshe kidole."

Nusaiba akachukua utepe, akampima Marijani mabega. Akambana shingoni kuliko inavyohitajika. "Aa, unaninyonga!" Hakumlegezea.

Sasa wanakaa Mtoni. Kila alfajiri, mswala umeshakunjwa, pazia la chumba husogea kidogo.

"We!"

Kutoka mkekani hakuna jibu, ila kidole gumba cha mguu huinuka, kikashuka.

"Kaidi mkubwa we," husema Bi Mwanaasha, akaenda kubandika chai.