Mikono ya Fundi Spana

Kila jioni Fundi Spana alinawa mikono kwa petroli. Kisha alijisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Grisi yote ilitoka. Gereji nzima hakuna fundi aliyetakata kama yeye, na alijivunia hilo.

Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, alizidisha. Alisugua mara mbili, ampakate mtoto kwa mikono safi.

Lakini viganja vilikuwa vimepasuka. Vilikwaruza, vilinuka petroli, na nyufa nyingine zilitoa damu. Kila alipomshika mtoto, mtoto aliangua kilio.

"Baba, mlete," binti yake alisema taratibu. "Utamshika akikua."

"Basi subiri aote ndevu!" mke wake akamtania.

Fundi hakucheka. Alimrudisha mtoto, akatoka nje. Maneno yale yalimuuma kuliko nyufa.

Kesho yake jirani yao, muuguzi, alikuja kumjulia hali mzazi. Akaiona mikono ya Fundi.

"Kaka, umegombana na nani?"

"Na grisi, dada. Nanawa kwa petroli."

Muuguzi alishika kichwa. "Ngozi ndiyo ukuta wako! Inazuia vijidudu visiingie. Inazuia maji ya mwili yasipotee. Tena ina mafuta yake ya kuilainisha. Petroli inayaondoa yote, ngozi inakauka na kupasuka. Waya nao unamalizia."

"Sasa nimeshaiharibu?"

"Hapana. Ya juu kabisa imekufa, inapukutika kila siku. Chini yake kuna ngozi hai, yenye damu na hisia. Hiyo inatengeneza nyingine mpya. Ipe nafasi tu."

"Mbona kucha haziumi?"

"Kucha na nywele tunazoziona hazina uhai, ndiyo maana tunazikata bila maumivu. Zinaota kutoka sehemu hai, ndani ya ngozi."

Fundi alipapasa upara wake. "Na hizi zilizogoma?"

"Hizo sina dawa yake!" Nyumba nzima ikacheka.

Muuguzi akaendelea: "Kazini vaa glavu. Ukimaliza, paka mafuta ya kupikia kidogo, grisi ilegee, ufute kwa kitambaa. Kisha nawa kwa sabuni na maji. Kucha tumia brashi laini. Ukijikausha, paka mafuta ya mgando. Nyufa zikivimba au zikitoa usaha, njoo zahanati."

"Mafuta yangu ya kupikia?" mke wake alishtuka. "Haya, kwa ajili ya mjukuu tu."

Gereji walimcheka. "Fundi, leo unakaanga nini?" Lakini nyufa zilipoanza kuziba, wao wenyewe wakaanza kuomba tone. Chupa haikumaliza wiki.

Mwezi ulipokwisha, Fundi alimpakata tena mjukuu. Mtoto alijinyoosha, akapiga miayo. Weusi kidogo ulikuwa umebaki pembeni ya ukucha mmoja wa Fundi. Mtoto alikikamata kidole hicho hicho, akalala.

"Baba, mlete nimlaze," binti alisema.

"Kalale wewe, mwanangu," Fundi alinong'ona. "Huyu haendi popote."